Shahidi Aliyekaa Kabatini

Mwenyekiti amekufa, na watu wameshaanza kumsingizia. Kuna wanaosema aliombewa akapona, kisha akafa kwa presha. Wapo wanaosema hakuwa na saratani hata siku moja, kwamba saratani haimwachi mtu asimame kwenye vichanja vya dagaa miaka minne mizima akiwafokea wenzake. Juzi pale Katonga nimemsikia mtu mzima, tena msomi, akisema mama yule alikuwa na uvimbe wa kizazi tu, madaktari wakaukuza. Nilimwuliza kama aliuona huo uvimbe. Akasema hakuuona. Mimi niliuona. Nilibeba nusu yake kutoka Kigoma mpaka Mwanza, nikaiharibu kwa mikono yangu hii, kisha nikarudi kuchukua nusu ya pili. Kwa hiyo naomba ninyamaziwe kidogo, niseme ninachokijua.

Sitasema alizaliwa wapi, wala babu yake alivuka ziwa akitokea upande gani. Mwenyewe hakuzipenda habari hizo. Ukimwuliza kabila alikwambia kabila lake ni dagaa, na ukiendelea kuuliza alikupa ungo ufanye kazi. Tulimwita Mwenyekiti kwa sababu aliongoza kikundi cha wanawake wanaoanika dagaa Bangwe, ufukweni Kigoma, ingawa nadhani angeitwa hivyo hata kama kikundi kisingekuwapo. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mlango wangu unatazamana na wake, na kwa miaka kumi na moja sikuwahi kutoka nyumbani asubuhi bila yeye kunipa dosari ya siku. Nikisema shikamoo, aliitikia marahaba, kisha akaniuliza kama shati lile nililipiga pasi kwa kiganja.

Alikuwa mwembamba, mrefu, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko mwili. Mvua ikinyemelea kutoka upande wa Kongo yeye ndiye aliyeinusa kwanza, na akipiga kelele moja tu wanawake thelathini walikimbilia maturubai. Alipita kwenye kila kichanja akiokota dagaa mmoja, akamkata kichwa kwa meno, akatafuna, akatema. Kama alikuwa na mchanga, aliyemwanika alijuta. Nimeona mwanamke mwenye wajukuu akirudishwa kuosha samaki upya huku machozi yanamtoka. Mwenyekiti hakuwa mtu mwema kwa maana ile ya watu wanaosifiwa misibani. Mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee, alikaa naye miaka sita bila kusikia asante, na hilo nilimwambia akiwa hai, akanijibu kwamba asante haigeuzi dagaa.

Alikuwa na desturi moja ambayo wageni waliicheka. Kabla gunia la dagaa halijashonwa, alichota konzi moja, akaifunga kwenye nailoni, akaandika jina la mnunuzi na kuiweka kwenye ndoo yenye mfuniko. Konzi ile aliiita shahidi. Alianza tangu mfanyabiashara mmoja kutoka ng'ambo alipopeleka mzigo wake Lubumbashi, akarudi akidai ameuziwa mchanga mtupu. Siku hiyo Mwenyekiti hakuwa na la kumwonyesha, na hakulisahau. Toka hapo kila gunia liliacha shahidi nyumbani, na mtu akija na maneno, ndoo ilifunuliwa mbele ya watu wote.

Sasa niseme habari ya tumbo lake. Kwa miaka miwili alikuwa akipata choo cheusi kama lami, na hakumwambia mtu. Na huyu ndiye mwanamke aliyekuwa akiwaimbia wenzake kila siku kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Mwanachama akikohoa wiki moja, alisukumwa hospitali. Yeye mwenyewe alikunywa maziwa baridi na kusema ni vidonda vya tumbo. Kwenye zahanati moja walimtibu taifodi mara tano. Walimwambia damu imepungua, akale matembele. Alikula matembele, na damu ikaendelea kupungua, hadi siku moja akaanguka katikati ya vichanja mchana kweupe, na wanawake wake wakambeba kwa turubai lile lile la kufunikia dagaa. Baadaye nilimwuliza kwa nini alificha. Akasema ulikuwa msimu mzuri, giza la mwezi lilikuwa limefuatana na samaki wengi, na mtu hawezi kuondoka kwenye samaki wengi. Lilikuwa jibu la kijinga na alijua.

Hospitalini walimwongezea damu, wakampima kwa mashine ya picha, wakaona uvimbe chini ya kitovu. Mwanamke wa umri wake, uvimbe tumboni, wote wakasema ni kizazi. Alipasuliwa na daktari kijana aliyekuwa na mwaka mmoja tu Kigoma. Daktari alipofungua, kizazi alikikuta kizima, kimesinyaa cha kikongwe, hakina kosa. Uvimbe ulikuwa umeota kwenye ukuta wa utumbo mwembamba, ukubwa wa parachichi. Akaukata pamoja na kipande cha utumbo, akaunganisha, akafunga.

Nilikuwapo wodini alipozinduka vizuri siku ya pili. Neno lake la kwanza kwa daktari halikuwa shukrani. Alisema aletewe alichotolewa. Daktari akaleta ndoo ndogo, na ndani ya dawa ya kuzuia kuoza kulikuwa na kitu cha rangi ya maini, kina mafundo mafundo. Mwenyekiti alikitazama kwa muda mrefu, kama alivyokuwa akitazama dagaa wa mtu asiyemwamini.

"Jina lake nani huyu?" aliuliza.

Daktari akamwambia ukweli, na kwa ukweli huo mimi nampenda mpaka leo. Alisema hajui. Alisema amewahi kusoma kitabuni juu ya saratani zinazoanzia kwenye nyama ya ukuta wa utumbo, kwamba ni chache mno, na kwamba hii inaweza kuwa mojawapo au isiwe. Kipande lazima kiende Mwanza kikakatwe vipande vyembamba, kipakwe rangi, kisomwe kwa darubini. Kama ndiyo ile anayoifikiria, kuna kidonge chake. Saratani nyingine za tumbo hazikijali kidonge hicho, ila hii hukiogopa. Lakini hakuna daktari atakayekiandika kidonge hicho bila cheti chenye jina la ugonjwa. Bila jina, alisema, uvimbe ungerudi, na ukirudi hautakuwa mmoja.

Mwenyekiti akasema basi kikatwe katikati, nusu iende na nusu ibaki. Daktari alijaribu kumweleza kwamba hospitali ina taratibu zake. Yeye akamweleza habari ya shahidi, gunia kwa gunia, mpaka muuguzi akaketi. Mwisho daktari akacheka, akachukua kisu. Nusu moja iliingia kwenye chupa ya kwenda Mwanza. Nusu ya pili iliingia kwenye chupa ya mdomo mpana iliyokuwa ya kahawa, ikamiminiwa dawa hadi juu, na Mwenyekiti akaenda nayo nyumbani Bangwe akaiweka kabatini, kwenye kioo, kati ya vikombe vyake vya harusi na birika la maua.

Hapo ndipo vita na shemeji yake ilipoanza. Shemeji huyu ni mdogo wa marehemu mumewe, mwenye mtumbwi na injini mbili, mtu wa heshima msikitini. Alisema kilichotoka mwilini mwa mtu huzikwa. Alisema haijapata kuonekana, mtu kukaa sebuleni na nyama yake mwenyewe huku wageni wanakunywa chai. Tena akanong'ona kwamba jambo lile lilikuwa na mkono wa mtu, na kwamba kijijini Simbo kuna mzee anayeweza kuuonyesha mkono huo kwenye maji. Siwezi kumcheka shemeji. Alipokuwa anahitajika mtu wa kutoa damu, yeye alitoa mara mbili, na mara ya pili alizimia. Lakini alikiogopa kitu kile cha kabatini kuliko alivyoogopa dhoruba ya ziwani.

Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kitazikwa siku kitakapokuwa na jina, maana hata mtoto mchanga hazikwi hivi hivi bila mtu kujua ni wa nani. Kisha akakigeuza chupani kidogo, ili upande wenye mafundo uelekee kiti anachokalia shemeji.

Chupa ya Mwanza nilipewa mimi. Shule zilikuwa zimefungwa na nilikuwa nakwenda kumwona dada yangu huko. Daktari alinipa barua na kuniambia maneno mawili matatu, kwamba isimwagike, isikae juani. Kwa kuwa mimi ni mwalimu aliona nimeelewa. Basi liliondoka asubuhi. Tulipopita Kidahwe chupa ilikuwa salama miguuni pangu. Tulipoanza mashimo mbele ya Kasulu, mfuniko ulilegea, na dawa ikaanza kuvuja. Kama hujawahi kuinusa dawa ile, inapanda puani na kuchoma macho kama pilipili iliyounguzwa. Mama aliyekuwa mbele yangu alianza kulia machozi, mtoto wake akakohoa, abiria wakaniuliza nimebeba nini, nami nikasema dawa ya shamba. Kufika stendi ya Kibondo kondakta alinipa kuchagua. Nimwage kile kitu au nishuke nacho.

Nikakaa pale stendi na chupa mkononi na akili yangu yote ya Bangwe. Nimekulia kwenye samaki. Mama yangu alipasua migebuka na kuwatia chumvi, Mwenyekiti alitia chumvi, mwambao wote ule unajua jambo moja kuhusu nyama isiyotakiwa kuoza. Nilimwaga dawa chini, nikanunua chumvi pakiti tatu kwenye kibanda, nikakishindilia kile kipande ndani ya chumvi, juu na chini na pembeni, nikafunga. Harufu ikaisha. Kondakta akanipongeza. Nakiri nilipanda tena basi nikijiona mtu mwenye busara, na hata nilitabasamu peke yangu dirishani.

Mwanza, kwenye dirisha la maabara, alikuwapo mama mmoja mwenye miwani mikubwa. Alifungua chupa, akatazama, akachovya kidole cha glovu, akanitazama. Akaniuliza nani ameweka chumvi. Nikasema ni mimi, kwa sauti ya mtu anayengoja sifa. Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Alinieleza taratibu kwamba dawa ilikuwa bado haijaingia mpaka ndani, na chumvi imenyonya maji yote, imekunja kila chembe, na kwamba darubini ingeona tu kitu kilichokauka. Alisema kwa huruma kabisa kwamba kama ningekuwa nimeleta samaki, ningekuwa nimefanya vizuri.

Nililala kwa dada yangu bila kula. Nilikuwa nimeharibu jina la ugonjwa wa mtu, na bila jina hapakuwa na kidonge. Nilirudi Kigoma nikiwa na hotuba nzima kichwani. Sikuitumia. Nilimkuta Mwenyekiti kwenye vichanja, bado amejifunga kanga tumboni juu ya mshono, nikamwambia yote palepale mbele ya wanawake wake, pamoja na zile pakiti tatu. Yeye akauliza chumvi ilikuwa ya mawe au ya unga. Nikasema ya unga. Akasikitika kwamba hata kutia chumvi sikujua, ya unga haifai kwa kitu kinene. Ndipo wanawake wakaangua kicheko, naye akacheka huku ameshika mshono, na mimi nikalia kama mtoto.

Alipomaliza kucheka alinivuta pembeni. Uso wake ulikuwa umebadilika, na ndiyo mara ya kwanza nilipoona kwamba aliogopa.

"Mwalimu, ungekuwa mwanamke wa vichanja vyangu ningekufukuza," alisema. "Lakini wewe ni jirani, utarudi Mwanza. Shahidi yupo. Safari hii wakikwambia ushuke, shuka naye."

Tuliifunga ile chupa ya kahawa kwa mpira wa baiskeli, tukadondoshea nta ya mshumaa mdomoni, tukaitia kwenye ndoo ya maranda ya mbao. Niliishika mapajani njia nzima. Abiria wa jirani aliniuliza nimebeba nini nikasema asali, na kwa kuwa tulikuwa tunapita kwenye nchi ya asali akataka kuionja, tukagombana mpaka Kakonko. Yule mama wa miwani alifungua, akanusa, akasema huyu ameiva. Kilikuwa kimekaa kwenye dawa muda mrefu kuliko inavyotakiwa, alisema, ila kinasomeka. Walikisoma, wakakipeleka na Dar kwa rangi maalumu ambayo wao hawakuwa nayo. Wiki saba. Katika wiki hizo Mwenyekiti hakuniuliza hata mara moja, lakini kila nilipopita na simu sikioni aliacha alichokuwa akifanya.

Jina lilipofika, daktari kijana alikuja nalo Bangwe mwenyewe kwa pikipiki. Lilikuwa refu la Kizungu, ila wao hulifupisha kwa herufi nne, na sisi tukalitamka jisti. Alisema hii ni saratani, asimfiche, na ni ya wachache, ila ndiyo ile yenye kidonge. Mwenyekiti alimwambia amwandikie kwa herufi kubwa. Akachukua mkaa akalinakili kwenye ukuta wa banda la kuhifadhia magunia, mahali ambapo huandikwa majina ya wadaiwa sugu. Likakaa pale mpaka ukuta ulipopakwa chokaa upya, na hata hapo akaliandika tena. Mchana huo huo alimwita shemeji, akampa jembe, wakakizika nyuma ya nyumba kipande kilichobaki, nilichorudishiwa Mwanza. Shemeji alitaka kusoma dua. Akamruhusu, ila fupi.

Kidonge kile hunywewa kila siku, na mtu hukifuata Dar mwenyewe kila baada ya miezi mitatu apimwe ndipo apewe kingine. Mwenyekiti, aliyekuwa hajawahi kwenda mbali kuliko Uvinza, akawa mtu wa treni. Alikuwa akibeba dagaa wa kukaanga kwa wauguzi, na aliwajua mafundi wa reli kwa majina ya wake zao. Madaktari wa huko walimpenda, na walimwogopa, maana hakukubali kuitwa "mama yetu mgonjwa." Aliwaambia mgonjwa ni yule asiyejua anaumwa nini.

Asubuhi kope zake zilivimba. Ni kazi ya kidonge, lakini mtaani wakasema Mwenyekiti analia usiku kucha, masikini, amekata tamaa. Akalisikia hilo. Alisimama katikati ya mwalo, pale mitumbwi inapopakua, akatangaza kwamba yeye halii, kinacholia ni kidonge, na anayetaka kumhurumia aje amhurumie huku anageuza dagaa. Walikuja wawili kweli, nao wakapangiwa kichanja.

Basi usidhani alikuwa jiwe. Misuli ya miguu ilimkaza mpaka akauma kanga. Hakuweza kupita mbele ya wodi aliyolazwa mara ya kwanza, alizunguka jengo zima. Na alidanganya. Huyu aliyemkatalia shemeji habari ya mzee wa Simbo, mwenyewe alikuwa na mizizi kutoka huko huko Simbo, aliyopewa na bibi mmoja, na akaichemsha na kuinywa kwa mwaka mzima juu ya kidonge. Vipimo vya ini vilipoharibika daktari kijana alimwuliza kama kuna kitu kingine anachotumia. Akaapa hakuna. Mkwe wake ndiye aliyesema. Yule mkwe asiyesemeshwa aliingia ofisini kwa daktari na sufuria yenyewe, akaiweka mezani. Nilitegemea vita. Mwenyekiti aliinamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo kwamba alitaka kuwa na njia mbili. Daktari akamwambia njia hizo mbili zinapigana ndani ya tumbo lake. Siku hiyo walipokuwa wakirudi, niliwaona kwa mbali, Mwenyekiti na mkwe wake, wanatembea sambamba, na sufuria kaibeba Mwenyekiti.

Kitu kimoja kilikuwa kinanichosha kwake. Alifikiri kila mtu ana jisti. Mtu akishika tumbo kwenye harusi, alimfuata. Alimwuliza mwenyekiti wa mtaa rangi ya choo chake mbele ya diwani. Niliona aibu kwa ajili yake. Nilimwambia hata daktari amesema ugonjwa ule ni adimu, huenda mkoa mzima asipatikane wa pili. Akanijibu kwamba hata yeye walisema ni taifodi. Kwamba adimu maana yake ni kwamba hakuna aliyetazama. Katika miaka ile minne aliburuta watu si chini ya ishirini mpaka kwenye benchi la yule daktari. Wengi walikuwa na minyoo na vidonda vya kawaida. Mwanamke mmoja wa Kidahwe alikutwa na saratani ya utumbo mpana, ile ya kawaida, mapema kiasi cha kukatwa ikaisha. Yupo, analima, ana mdomo mrefu kama aliyemburuta.

Mwaka wa nne kidonge kilianza kushindwa. Picha zilionyesha uvimbe mdogo kwenye ini, kisha mwingine na mwingine. Waliongeza dozi ikasaidia miezi michache. Kuna kidonge cha pili, chenye nguvu zaidi, lakini kilikuwa hakijapatikana, na walimwambia wanakitafuta. Mimi wakati huo nilikuwa nimehamishiwa shule ya Kidahwe. Ndipo siku moja, nikiwa darasani, shemeji akanipigia. Alisema Mwenyekiti ametapika damu alfajiri, amekata kauli, nije nisichelewe. Nilimwachia mwalimu mwenzangu darasa, nikapanda gari la kwanza.

Nilifika Bangwe saa saba mchana. Turubai lilishafungwa mbele ya nyumba yake, viti vya kukodi vimepangwa, sufuria kubwa zipo kwenye mafiga, wanawake wamekaa kwenye mikeka na kanga kichwani. Karibu mwambao wote ulikuwa pale. Shemeji alikuwa amesimama kwenye nguzo na simu sikioni, anawaelekeza ndugu wa Simbo waje na majembe na wasipite njia ya chini. Nikaketi kwenye kiti cha kwanza nilichokiona, sikumsalimu mtu.

Mara pazia la mlango likasogea, akatoka Mwenyekiti. Alikuwa ameegemea bega la mkwe wake, amevaa gauni la kulalia na sweta, midomo imepauka. Mwanamke mmoja alianza kilio kwa mazoea, akakimeza. Mwenyekiti alisimama kizingitini akalitazama turubai, akaviangalia viti, akazihesabu sufuria. Akauliza nani ametoa ruhusa. Shemeji alibaki na simu sikioni na mdomo wazi, na kule Simbo mtu alikuwa bado anasema haloo, haloo, tunamsikia sote.

Nilidhani atawatimua. Ningetaka awatimue. Badala yake alimwambia mkwe wake amletee kiti, akaketi mbele ya umati kama alivyoketi kwenye mikutano ya kikundi, akapumua kwa shida.

"Mmekuja wengi," alisema. "Nilipowaita kwenye mkutano wa afya mlikuja tisa. Sasa kwa kuwa viti vimeshakodiwa, kaeni. Mimi nitakufa, sibishani na hilo. Lakini sifi leo, leo nina kazi." Akameza mate. "Nani hapa tumbo linamsumbua zaidi ya mwezi?"

Kuni zilikuwa zinapasuka mafigani.

"Nani ametibiwa taifodi zaidi ya mara mbili?"

Baadhi wakacheka chinichini, na kicheko hicho kikawalegeza. Mkono mmoja ukainuka kwenye mikeka, wa msichana wa vichanja, kisha wa mzee mmoja mvuvi. Mwenyekiti hakutikisa kichwa wala hakusifu. Akauliza la tatu, taratibu, neno kwa neno, akiwatazama wanaume. Aliuliza nani anapata choo cheusi na hajamwambia mtu.

Hapo hakuna aliyecheka. Nilitazama chini kwa aibu, na nilipoinua macho niliona watu wote wamegeukia upande wa nguzo. Shemeji alikuwa bado ameishika simu sikioni kwa mkono wa kulia, ndugu wa Simbo bado wanauliza njia. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu. Haukuwa juu sana, ulifika kwenye kifua tu.

Mwenyekiti alimtazama mtu aliyekuwa anamchimbia kaburi. Sikuona ushindi usoni mwake. Niliona hasira, ila haikuwa kwa shemeji.

"Kata simu," alimwambia. "Tunaanza na wewe."